Jina la Binti wa Sekela

Kaeni vizuri, na mwenye simu aiweke mfukoni. Mwisho wa hadithi hii kuna swali, na nimeshaligeuza kichwani mwangu mpaka nimechoka, kwa hiyo simtaki mtu wa kuniambia eti hakusikia.

Palikuwa na watatu.

Wa kwanza ni Bwana Maduhu, mshauri nasaha wa kituo cha afya, Msukuma aliyehamishiwa Rungwe na kuukuta ukungu unaoingia mpaka jikoni. Kipaji chake kilikuwa macho. Ukikaa mbele yake anakiona kidole kinachotetemeka na mguu unaotaka kuondoka, tena hana haraka ya kusema. Kilichomshinda ni kuandika. Kila kikao kikiisha alitakiwa aandike maendeleo ya mteja wake, naye aliandika kama mtu anayesimulia mechi: aliyoyaona, aliyoyawaza na aliyoyaogopa, yote ndani ya sentensi moja ndefu.

Wa pili hakuwa mtu. Ilikuwa akili mnemba ndani ya kompyuta ya kituo, na wafanyakazi waliizoea hadi wakaipa jina la Karani. Kipaji chake kilikuwa kupanga. Ukimpa Karani maneno ya kikao pamoja na maelezo ya Bwana Maduhu, anayatenganisha katika sehemu nne: Alichosema mteja, Nilichoona, Ninachodhani, Tutakachofanya. Hasahau neno, na asipojua kitu anaacha nafasi wazi na kusema hajui. Wangapi kati yetu tunaliweza hilo?

Wa tatu ni Bibi Subilaga. Kipaji chake kilikuwa mikono, na mdomo usiomwogopa mtu. Jambo likihitaji kufanywa, wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa, yeye ameshakunja mikono ya gauni.

Bibi huyo alikuwa mama mkwe wa Sekela, na Sekela ndiye mwenye hadithi.

Sekela alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Lakini alishindwa kumshika. Alimpenda, jamani, msije mkamfikiria vibaya. Alimwangalia mpaka machozi yakamtoka. Lakini kila aliponyoosha mikono, mikono ilikufa ganzi na kurudi mapajani. Saa ya kunyonya ikifika, Bibi Subilaga alipiga magoti na kumweka mtoto kwenye ziwa la mama yake, huku Sekela ameshika kingo za kigoda kwa nguvu zote. Na kwa kuwa nyumbani kwao mama ndiye anayelitamka jina la mtoto kwanza, akiwa amempakata, yule binti alikaa bila jina. Aliitwa "mtoto" tu.

Mumewe, Ambokile, dereva wa lori la kiwanda cha chai, alikwishajaribu kila dawa. Mwishowe Bibi Subilaga akamfunga mtoto mgongoni, akamwambia mkamwana wake, "Vaa viatu," wakaenda kwa Bwana Maduhu.

Siku ya kwanza Bwana Maduhu alimwomba Sekela ruhusa ili Karani asikilize mazungumzo yao.

"Atamwambia nani?" Sekela aliuliza.

"Hamwambii mtu. Anapanga, ananirudishia mimi. Na mimi nitakusomea wewe kabla ya kuyaweka kwenye faili lako. Pasipo sahihi utasema."

Sekela akakubali, kwa sababu alikuwa amechoka kukataa. Alizungumza kidogo. Alieleza kuzaa kwake: mvua iliyokata barabara, Ambokile aliyekuwa safarini, mama mkwe aliyekuwa msibani ng'ambo ya mto, uchungu uliomshika mchana. "Kisha mtoto akawa amezaliwa," alimaliza.

Wiki iliyofuata alisomewa maneno yake. Bwana Maduhu alisoma polepole, na Sekela alishangaa mpaka akasahau kulia. Alidhani amebwabwaja. Kumbe maneno yake yalikuwa na mwanzo na mwisho, yamepangwa kama vyombo vilivyooshwa. Tangu ajifungue alijiona mtu aliyevurugika, na sasa hapa alikuwapo mwanamke anayeeleweka. Alitamani asomewe tena, akasomewa.

Basi vikao vikaendelea. Kila kikao Sekela alirudia habari ya kuzaa, na kila mara ilifika palepale: "Kisha mtoto akawa amezaliwa."

Hapo Bwana Maduhu akafanya kosa. Lilikuwa kosa la mgeni. Aliona mtu anayeumwa na ana familia, basi akaiita familia yote ikae pamoja chumba kimoja. Akamwandikia hata baba mkwe wa Sekela, naye mzee wa watu, kwa kuheshimu mwito wa kituo, akavaa koti lake la kanisani akaja. Jina la mzee huyo sitalitaja. Hadithi ni ya Sekela, na Sekela halitaji.

Wenyeji wa Rungwe hapa mmeshashika vichwa. Kwa mila yao, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mmoja akija njiani, mwingine anapisha. Hawasemezani, hawagusani, hawali mahali pamoja, na jina la mzee halitoki kinywani mwa mkamwana maisha yake yote. Ambokile na mama yake walidhani mshauri amepanga vyumba viwili. Hakuwa amepanga.

Sekela alifungua mlango, akaona viatu vya mzee. Aligeukia ukuta palepale na kujifunika kanga kichwa chote. Mzee naye akainuka. Mlangoni yupo mkamwana, hawezi kupita. Akatazama huku na huku, akafungua dirisha, akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, na koti lake la kanisani, akatokea bustanini. Msicheke sana. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa magoti.

Bwana Maduhu aliduwaa. Baadaye, kwa kuandika kwake kule tunakokujua, chini ya Nilichoona akaandika: "Mteja aligeukia ukuta akajifunika, mzee akatoka dirishani, kuna chuki kubwa kati yao." Akampa Karani.

Kikao kilichofuata alikaa mbele ya Sekela na karatasi mkononi, na Sekela akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: mshauri alikuwa ameona haya.

"Leo nitakusomea kosa langu," alisema. "Ningeweza kulifuta. Lakini nilikuahidi kukusomea."

Akasoma. Chini ya Nilichoona kulikuwa na ukuta, kanga na dirisha, basi. Neno chuki lilikuwa limehamishwa. Lilikuwa chini ya Ninachodhani, na pembeni Karani alikuwa ameandika hivi: "Chuki uliiandika miongoni mwa ulivyoviona. Nimeihamisha, kwa kuwa ulichokiona ni watu wawili kuepukana. Sababu yake hukuiona. Aulizwe mwenyewe. Tena kuna jambo jingine. Mteja ameeleza kujifungua kwake katika kila kikao, na hakuna kikao alichomtaja mtu aliyempokea mtoto. Sijui maana yake. Nimeacha nafasi hiyo wazi."

Nje, barazani, alisikika Bibi Subilaga akimbembeleza mtoto.

Sekela alihisi damu inapanda usoni. Maneno mengi yalikwishasemwa juu yake na aliyaacha yapite. Hili hakuweza. Kwamba anamchukia yule mzee? Lile ambalo lilikuwa heshima, tena heshima iliyomtesa hadi kumkosesha mtoto wake, liandikwe chuki na liwekwe kwenye faili?

"Si chuki," alisema. "Ni heshima. Andika heshima."

"Nitaandika," Bwana Maduhu alijibu, akaandika palepale. Hakuuliza kitu. Aliona Sekela bado ana neno, akangoja.

Ndipo Sekela alipoijaza ile nafasi. Siku ile hakukuwa na mtu mwingine nyumbani isipokuwa baba mkwe. Mzee alisikia kilio akakimbilia kwa majirani, akakuta wote wameenda msibani. Akarudi, akasimama nje ya ukuta, akamwomba Mungu amtume mwanamke yeyote, hata mpita njia. Hakuna aliyetumwa. Basi akaingia. Aliingia kinyumenyume, uso ameuelekeza mlangoni, na kwa mikono yake, bila kumtazama Sekela, akampokea mtoto, akamfunga kwa shati lake, akamweka kitandani, akatoka. Tangu siku ile mzee alihamia banda la nje. Watu walimsifu kwa kuokoa maisha mawili. Hakuna aliyemuuliza Sekela lolote.

"Nikitaka kumshika mtoto," alisema, "naona nimeshika mikono ya yule mzee. Naona nimevunja kitu ambacho hakiungiki. Na siwezi kumlaumu, maana angekaa nje tungekufa. Nimlaumu nani sasa?"

Alilia, lakini kilio hiki kilikuwa na mwisho. Alipotulia, alitazama ile kompyuta iliyokaa mezani. Kitu kisicho na macho kilikuwa kimeliona tundu ambalo ndugu zake wote walilipita kila siku.

Alimruhusu Bwana Maduhu amwite mama mkwe. Bibi Subilaga alisikiliza yote akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Bwana Maduhu akafungua sehemu ya Tutakachofanya, akakiri kwamba haina kitu. Yeye hakujua la kufanya, na Karani hakujua.

"Kumbe ndilo hilo?" alisema Bibi Subilaga. "Mwanangu, mtoto alifika kwa njia ya dharura. Tutamleta kwa njia yake. Twende nyumbani."

Haikuwa mila, msinisingizie. Bibi aliitunga akiwa njiani. Alimpeleka mtoto kwa mzee, kule bandani, akamwambia asimame nyuma ya pazia la mlango. Mzee akampitisha mjukuu wake chini ya pazia, na Bibi Subilaga akiwa upande wa pili akampokea kwa kanga mpya. Akamwogesha maji ya uvuguvugu kama anavyoogeshwa mtoto aliyezaliwa siku hiyohiyo. Kisha akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele huku akipiga vigelegele, vile ambavyo siku ya kuzaliwa hakuna aliyevipiga.

"Mkamwana wangu," alisema mbele ya Sekela, "mimi ndiye niliyempokea mtoto huyu. Atakayesema vinginevyo aje kwangu. Mshike."

Sekela alitazama mikono yake. Ilipanda. Hakuiamuru, ilipanda yenyewe, ikamchukua binti yule na uzito wake wote, na joto lake likamwingia kifuani. Alimnusa nywele. Ambokile, dereva wa malori, aliketi sakafuni akalia bila kujificha, na kule bandani mzee alisikika akiimba wimbo wa kanisani, sauti imepasuka.

Sasa jina. Sekela alikuwa ameshasema: jina moja, la yule aliyemrudishia mwanawe. Hakutaka mtoto mwenye majina mengi ya kumchosha mwalimu.

"Apewe jina la Minza, mama yake Bwana Maduhu," alisema Ambokile. "Mtu gani mwenye elimu yake anakusomea kosa lake usoni? Angelifuta, mpaka leo ungekuwa umeshika kigoda."

Bwana Maduhu alipoelezwa, alikataa. "Mimi niliandika uongo nikauita nilichoona. Karani ndiye aliyeukataa, na ndiye aliyeona kwamba aliyempokea mtoto hatajwi. Kama ni haki, mtoto aitwe Karani."

"Karani," alisema Bibi Subilaga, akilionja lile neno. "Huyo Karani amewahi kubeba mtoto? Alijua tundu lilipo, sawa, na wewe ulimsomea, sawa. Mngebaki nalo hilo tundu lenu kwenye karatasi. Mtoto alipitia mikononi mwangu. Sioni aibu kusema: aitwe Subilaga."

"Na baba?" Ambokile aliuliza.

Jibu la mzee lilikuja kupitia kwa mkewe: asipewe la kwake wala lolote la upande wake, kwa sababu majina hayo mkamwana hayatamki, na mama mtu asingeweza kumwita binti yake maisha yake yote. Hapo wote walikubaliana naye.

Jumapili ya ubatizo ikafika. Kanisa limejaa. Sekela alisimama mbele akiwa amempakata mwanawe mwenyewe, na kila aliyejua habari zake alikuwa anaitazama ile mikono yake. Upande mmoja amekaa Bwana Maduhu. Upande wa pili Bibi Subilaga, kilemba kipya. Karani hakuja, maana Karani haendi popote. Sekela aliwapima wote watatu moyoni, na kila alipomwondoa mmoja, mikono yake mwenyewe ilirudi mapajani. Bila macho ya mshauri na ukweli wake, Karani asingekuwa na cha kupanga. Bila Karani, heshima ingezikwa na jina la chuki. Bila bibi, lingebaki kuwa jambo lililoeleweka tu.

Mchungaji alichovya vidole majini.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Sekela akafungua kinywa.

Mimi nanyamaza hapa, kwa sababu mtoto yuko mikononi, maji yanadondoka, na jina ni moja tu. Haya, nyinyi mliokaa hapa mmeshiba maneno yangu: mngekuwa Sekela, mngemjibu nini mchungaji?