Mbuzi wa Mkaa

Fumbeni macho, wanangu, mlione pango. Tunu ameshika mkaa wa uchawi, na zimwi limewakamata wadogo zake watatu.

"Nichoree mbuzi nimle, la sivyo nawala hawa!"

Tunu akachora. Mbuzi akatoka ukutani, bapa kama jani.

"Binti, nyama iko wapi?" Zimwi likammeza mtoto wa kwanza.

Akachora tena, akatia kivuli, tumbo likajaa. Lakini miguu yote aliipanga mstari mmoja. Mbuzi akaanguka, akafa.

"Sili kibudu mimi!" Likammeza wa pili.

"Dada, mkumbuke mbuzi wetu unayemkamua!" akalia wa mwisho.

Tunu akamzunguka mbuzi yule akilini, kisha akachora miguu ya karibu mirefu, ya mbali mifupi. Mbuzi akasimama, akalia. Zimwi likamrukia, na Tunu akakimbia na mdogo wake mmoja tu.

Nawaombeni mkumbuke hili: kabla ya kukichora kitu, kizungukeni kwanza akilini.