Koti la Mzee Gaspari

Mtu mmoja alikuwa na baba aliyependa kucheka, na kicheko hicho kilimtia haya. Mtu huyo aliitwa Leopoldi. Alikuwa mzee wa kanisa, hana mzaha, hata chai aliinywa kana kwamba anaapishwa. Baba yake, Mzee Gaspari, alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alilima matuta ya mlimani tangu ujana mpaka mguu mmoja ukawa unaburuta, wala hakutokea wa kumshinda kwa jembe. Lakini kila alipomaliza tuta alitia jembe begani, akatikisa kiuno, akacheza kidogo, ndipo akaanza tuta jingine. Ugali ukichelewa alijilaza mkekani akajifanya amezimia, mpaka wajukuu wamfufue kwa kumtekenya. Walimfuata shambani kwa ajili ya ile ngoma ya mwisho wa tuta, wakalima naye bila kujua kwamba wanalima. Leopoldi akipita hapo na watu wa heshima, alijifanya hamnazo.

Mzee akafa, kama tutakavyokufa sote. Sasa, kwa desturi ya huko, mtu akifa huja watani wake, watu wa kabila la jirani wenye ruhusa ya kumtania hata msibani. Huvaa nguo zake na kumwigiza mbele ya wafiwa. Akaja mtani wao, Mama Veneranda wa ng'ambo ya mto. Akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa koti lake na kofia yake, jembe begani, mguu anauburuta vilevile. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Leopoldi akaona aibu mbele ya padri na wageni wa mjini. Akamvua lile koti mbele za watu, akalifungia chumbani kwa baba yake, ufunguo akautia mfukoni. Mama Veneranda hakubishana. Alichukua kanga yake akaenda zake, na mazishi yakaendelea kwa adabu kubwa.

Leopoldi alidhani amemheshimu baba. Jioni ile watoto wake walipoanza kuchezacheza uani, akawakemea: "Nyamazeni. Babu yenu anawasikia."

Neno dogo tu, ndugu zangu. Likaingia ndani ya nyumba ile, lisitoke tena.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bati likilia kwa jua, watoto walitazamana. Upepo ukitikisa mlango wa kile chumba, Perpetua, kitinda mimba, alikimbilia uvunguni. Kaburi lilikuwa migombani, kwenye njia ya kwenda matutani, basi hakuna mtoto aliyekubali kupita hapo hata kwa fimbo. Mama yao alikwenda peke yake siku chache, akaanza kurudi mapema, mwisho akaacha. Magugu yakaota. Mvua ilikuwa inanukia, na matuta ya mlimani yasipotengenezwa kabla ya mvua, udongo wote huteremka bondeni na nyumba hulala njaa. Leopoldi akachukua jembe aende mwenyewe. Kufika migombani, akasikia mguu unaburuta nyuma yake kwenye majani makavu. Akajiambia ni upepo, na kweli ulikuwa upepo. Hata hivyo alirudi nyumbani karibu anakimbia, mzee mzima wa kanisa.

Lakini hiyo haikuwa hofu yake kubwa. Siku moja wakiwa wanakula, mkewe alitaja tu jina la Gaspari, na Perpetua akajikojolea palepale alipokaa. Leopoldi akamtazama mtoto yule, ambaye babu yake alikuwa akimbeba mabegani mpaka sokoni, akaelewa jambo lililomtetemesha. Baba yake alikuwa anageuka zimwi ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Akajaribu kukikumbuka kicheko cha mzee, ili awasimulie watoto. Hakikuja.

Akakamata jogoo, maana ndiyo faini ya aliyemfukuza mtani, akavuka mto. Mama Veneranda alimpokea jogoo wake, wala hakumpa kiti kwanza.

"Leopoldi," akamwambia, "ninyi mlizika maiti. Gaspari mwenyewe mmemwacha nje, halafu mnashangaa anagonga?"

Asubuhi iliyofuata akaja. Leopoldi ndiye aliyefungua chumba na kumpa koti, kwa hiyo alijua kila kitu. Na bado, mtu yule alipotokea migombani ndani ya lile koti, kofia imemfunika uso, mguu unaburuta, Leopoldi alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Watoto walipiga ukelele mmoja, kisha hata kulia hawakuweza. Walikumbatiana mlangoni wakimng'ang'ania mama yao. Yule mtu hakuwatazama. Alipanda kwenye tuta la kwanza, lile la karibu linaloonekana kutoka nyumbani, akalima. Akakohoa kikohozi cha mzee, akalima. Hakuna aliyecheka. Alipofika mwisho wa tuta akatia jembe begani, akatikisa kiuno, akatupa mguu wa kushoto.

"Sivyo," Perpetua akasema. Sauti ilimtetemeka, akamtazama baba yake akisubiri kuadhibiwa. Adhabu haikuja. "Babu alianza na wa kulia."

Aliyevaa koti akasimama. Akarudia, akakosea tena. Mtoto akaiachia nguo ya mama yake, akapita kando ya kaburi huku bado anatetemeka, akaenda kumwonyesha. Wenzake wakamfuata, mmoja akachukua jembe. Mpaka jua linafika utosini, magugu ya upande ule yalikuwa yamelala chini na mlima mzima una kelele za watoto.

Leopoldi alibaki mlangoni. Hakujua ngoma ile inaanza na mguu upi, maana hakuwahi kuitazama. Na pale pale hofu nyingine ikamshika, mbaya kuliko ile ya migombani, ambayo jogoo hawezi kuilipia. Aliona siku yake ikifika, mtani akitoka chumbani amevaa suti yake nyeusi ya kanisani, akisimama uani mbele ya watoto hawa hawa, akigeuka huku na huku, na asipate cha kuigiza.

Nawe unayenisikiliza, siku mtani atakapotoka amevaa nguo zako, ni mjukuu gani atakayekujua vya kutosha hata amwambie, "Sivyo"?