Semeni Amwitikie Nani

Paukwa! Wenye masikio semeni pakawa, wenye haraka kaeni chini, maana kesi hii imewashinda wenyewe.

Katika kijiji kimoja juu ya Muheza palikuwa na binti wa miaka kumi na minne, jina lake Semeni. Mama yake alikufa, baba akaoa mbali, akabaki na watu watatu. Bibi Mashavu alikuwa na mwiko wa kila jambo. Mjomba Shekue alikuwa na miguu. Baiskeli yake ilipanda mlima ulioshinda pikipiki. Shangazi Mwanatumu alikuwa na koo. Akiita pale kijijini, kuku wa Muheza wanaingia bandani.

Basi Semeni akaugua. Si homa. Aliacha kula, aliacha kuoga, kutwa anakikodolea macho kisima. Majirani wakaleta kamba. "Mfungeni, ana wazimu."

Bibi Mashavu akaziba mlango. "Mwenye kamba akafunge mbuzi wake!" Akalala na mjukuu wake mkeka mmoja, akimkumbusha mwiko wa tangu utotoni: "Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike, wala usiende." Na kweli Semeni alikuwa anaitwa, kutoka kisimani. Kwa mwiko ule hakwenda. Lakini hakumwambia mtu.

Mjomba Shekue akasikia hospitali ya mjini kuna utafiti wa vijana wenye maradhi makubwa ya akili. Utafiti maana yake ni kuuliza watu wengi jambo lile lile mpaka ijulikane tiba ipi inafaa. Akampakia Semeni kwenye baiskeli. Semeni akaruka. Akampakia, akaruka tena.

"Mpwa wangu, ukiruka tena nakaa mimi nyuma, uendeshe wewe!"

Walifika wote wawili wamechubuka magoti, na mnyororo umekatika.

Shangazi Mwanatumu akawafuata kwa basi, akakuta Daktari Ndekirwa ameshaanza maswali.

"Unasikia sauti?"

"Nasikia."

"Ya nani?"

"Yako."

"Na nyingine?"

"Ya shangazi. Anatafuna kashata."

"Unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni?"

"Vingi. Bibi haoni mbali."

Daktari akaandika: Kwa majibu hayo mtoto ni mzima, arudi nyumbani. Shangazi uvumilivu ukamwisha. "Semeni! We Semeni! Sema kitu cha maana! Nakuita, itika!"

Semeni akaziba masikio. "Na wewe pia unaniita?"

Daktari akainua kichwa. "Nani mwingine anakuita, mwanangu?"

Semeni akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Mama. Anataka nimfuate kisimani."

Kumbe kwa Semeni hiyo haikuwa sauti. Alikuwa akiitwa! Akapewa dawa, na kila wiki akaenda kuzungumza na daktari. Dawa ilimnenepesha, ikamsinziza darasani, lakini ile sauti ikasogea mbali, kisha ikanyamaza.

Hapo ugomvi ukaanza. Kila mmoja alitaka mtoto akae kwake, maana kila mmoja ndiye aliyemponya. Leo kwa bibi, kesho kwa mjomba, keshokutwa kwa shangazi. Bibi akadhani shangazi kampa dawa, shangazi akadhani mjomba kampa. Kisima kikaanza kuita tena.

Daktari akawaka. "Nyumba moja! Mshika dawa mmoja! Mkiendelea hivi mtampoteza."

Wakarudi, wakabishana uani.

"Bila mwiko wangu mngekuwa mmeshamsomea hitima," alisema Bibi.

"Mwiko ungempeleka hospitali, mama?" alisema Mjomba. "Una magurudumu?"

"Ulimfikisha bubu!" Shangazi akapaza. "Nani alimfungua mdomo?"

Semeni alikuwa ndani, kachoka nao. Uchungu wa kidonge aliujua yeye anayekimeza. Hawa wanagombea nani kanyamazisha kelele, na kunyamaza wenyewe hawajui! Akapiga kelele: "Basi niiteni! Nitakayemwitikia ndiye atakayeshika dawa. Na wengine mkome!"

Wakaita wote kwa pamoja: "Semeni!"

Semeni akatoka mlangoni. Safari hii aliwaona wanaomwita, mwiko haukumzuia. Bibi kashika mkeka, mjomba kashika baiskeli, shangazi kashika kiuno. Akavuta pumzi aseme, "Abee."

Mimi naishia hapo mlangoni. Je, ungekuwa wewe Semeni, ungemwitikia nani?