Bei ya Kweli ya Gari la Shemdoe

Hapo zamani, si zile za sungura kuvaa kanzu, bali zamani hizi za karibu ambazo baadhi yenu mlikuwa mmeshaanza kunyoa ndevu, palikuwa na mjane mmoja mjini Korogwe aliyeitwa Bi Mwantumu. Mumewe, Mzee Shemdoe, alikuwa dereva wa mhandisi wa Kimarekani kwenye mashamba ya mkonge. Mhandisi aliporudi kwao alishindwa kulibeba gari lake, akamwachia dereva. Nalo halikuwa gari la kubebea mkonge. Lilikuwa Mustang ya mwaka sitini na tisa, ya bluu, pua ndefu, milango miwili tu. Lilipowashwa, watoto wa mtaa wa pili waliacha uji wakakimbia kulitazama.

Miaka nenda miaka rudi gari lile lilibeba maharusi. Ukiolewa Korogwe bila kupanda gari la Shemdoe, mawifi walikusema mpaka unajifungua. Kisha mzee akazeeka, gari likazeeka naye, likaingizwa kwenye banda lake kando ya barabara kuu iendayo Arusha, likafunikwa turubai. Kuku wakapata pa kutagia kwenye kiti cha nyuma. Kabla hajafa, mzee aliita mashahidi akamkabidhi mkewe vitu viwili, gari na banda. Watoto hawakujaaliwa kupata, na ndugu wa mume hawakuwa na neno.

Siku Bi Mwantumu alipotoka eda, watu walijaa uani. Ubani ulifukizwa, pilau ililiwa, dua ikasomwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu, watu wasio na haya, walikuwa wameshafika na mizani yao mlangoni. Walitaka kulinunua gari kwa kilo. Bi Mwantumu hakujua lolote kuhusu bei za magari. Alijua tu kwamba mumewe alilipenda, na kwamba akilitoa kwa bei ya kutupa atakuwa amemzika mara ya pili. Banda lenyewe hakuwa na kazi nalo. Basi akasimama mbele ya watu wote, akasema:

"Atakayeniambia bei ya kweli ya gari hili, bei ambayo sitadhulumiwa wala sitadhulumu, banda lile ni lake. Nimesema mbele yenu, na Mungu anasikia."

Lo, banda kando ya barabara kuu! Pale uani walikuwepo watu watatu ambao kila mmoja alilihitaji kama mgonjwa anavyohitaji kitanda. Tuanze na Semkiwa.

Semkiwa alikuwa dalali wa magari, kijana wa maneno mengi, na ofisi yake ilikuwa simu yake pamoja na kivuli cha ukuta wa watu wengine. Yeye ndiye aliyewaambia wale wa vyuma chakavu wabebe mizani yao waondoke. Wakamtukana, akawatukana, wakaondoka. Akamsihi Bi Mwantumu asikubali kuuza gari kwa kilo kama mbuzi aliyekufa njiani. Kesho yake akapanda basi kwenda Arusha kwa nauli yake mwenyewe. Huko akauliza, akafukuzwa, akauliza tena, mpaka akampata Bwana Firoz, mfanyabiashara anayekusanya magari ya Kimarekani ya zamani. Aliporudi alikuja na bei mdomoni. Milioni sitini.

Hakuwa amefungua boneti. Hakuwa ameinama chini ya gari. Alisoma jina lililoandikwa ubavuni, akatazama kwenye simu wenzake wanauzwaje huko duniani, akapunguza kidogo kwa sababu ya kuku. Bi Mwantumu alipoisikia bei ile ilibidi akae chini. Alifurahi, kisha akaiogopa furaha yake.

Bwana Firoz akaja mwenyewe. Ni mtu wa upole, avuaye viatu hata kwenye banda la gari. Akaomba aitiwe fundi anayelifahamu gari, na Korogwe nzima ikasema, muiteni Hoza.

Fundi Hoza alikuwa mtu mzima aliyelihudumia gari lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Gereji hakuwa nayo, alitengenezea magari juani, na mvua ikinyesha alifunga kazi. Akafungua boneti. Bwana Firoz akainama, akatazama kwa muda, halafu akauliza swali moja tu, kama injini ile ndiyo iliyokuja na gari. Semkiwa akamkanyaga fundi kidole cha mguu. Hoza akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya Toyota, pikapu. Niliifunga mimi, na marehemu aliniomba nisimwambie mtu. Lakini bibi alisema anataka bei ya kweli. Kwa hali hii gari ni milioni nane. Tisa, kama unamwonea haya mwenyewe."

Bwana Firoz akatikisa kichwa, akakubali kwamba nane ni haki. Akaongeza kwamba lingekuwa na injini yake ya asili, angetoa zile sitini bila kubishana.

Bi Mwantumu aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aolewe. Mgeni ametoka Arusha kuambiwa sitini, kumbe gari ni la nane, na mwenye gari hajui hata kilichomo ndani yake. Alimkasirikia Semkiwa kwa kuropoka na Hoza kwa kumwumbua mbele ya watu. Zaidi ya wote alimkasirikia marehemu, halafu akajilaumu kwa kumkasirikia mtu aliye kaburini. Alimuuliza Hoza injini imekwenda wapi. Hoza akasema hilo si lake kulisema.

Sasa sikilizeni. Bwana Firoz alikwenda sokoni kunywa chai kabla ya safari. Akiwa na kikombe mkononi, umeme ukakatika. Watu wakaguna, na mara mashine ya kusaga ya Mama Mbelwa, iliyokuwa imenyamaza pamoja na umeme, ikanguruma upya. Bwana Firoz akaweka kikombe chini. Mlio wa silinda nane aliujua kama mnavyoujua mlio wa kengele ya shule mliyosoma. Akaufuata nyuma ya kibanda, na pale akaiona injini ya Mustang imefungwa kwenye vyuma vya reli, mkanda umezungushwa, inasaga dona.

Mama Mbelwa alikuwa mwanamke aliyepauka unga tangu asubuhi mpaka jioni, na wakati ule mwenye kiwanja alikuwa amemtaka ahame kabla ya mwezi kuisha. Injini ile aliitumia umeme ukikatika tu, maana ilikunywa petroli isivyo kawaida. Bwana Firoz akamwambia kwa sauti ya chini kwamba angeinunua papo hapo kwa milioni kumi na mbili. Fanyeni hesabu wenyewe. Kumi na mbili kwa Mama Mbelwa na nane kwa Bi Mwantumu, na gari zima linaondoka Korogwe kwa theluthi ya bei yake. Wala hajamwibia mtu.

Mama Mbelwa hakuwa amewahi kuambiwa kiasi kama kile maishani mwake. Alimuuliza anaitakia nini. Bwana Firoz, kwa kuwa si mwongo, akamweleza. Mama Mbelwa akazima injini, wateja wakalalamika, akajifuta uso kwa upande wa khanga.

"Injini ni yangu kwa haki, niliitolea mahindi," akamwambia. "Lakini ukiitaka, njoo uitaje bei hiyo mlangoni kwa Mwantumu, kwa sauti ya watu kusikia."

Yeye mwenyewe akatangulia. Alimkuta Bi Mwantumu amekaa kwenye mkeka, akamweleza habari za mwaka ule wa njaa, mwaka ambao Bi Mwantumu alikwenda Handeni kumuuguza mama yake. Mzee Shemdoe alikuja mashineni ameinamisha kichwa. Hakutaka mkopo wala sadaka. Alitaka mkewe akirudi akute chakula, na kitu pekee alichokuwa nacho chenye thamani kilikuwa kile kilichomo chini ya boneti. Wakakubaliana kwa magunia ya mahindi, akaomba siri. Baadaye Hoza akampatia ile ya Toyota ili maharusi wasikose gari.

"Ulichokuwa unapika mwaka ule, mwenzangu, ndiyo hiyo injini," Mama Mbelwa akasema.

Bi Mwantumu alilia. Alikuwa ameila injini ile mwaka mzima, kwa mchicha na kwa maharage, na hakuna siku aliyomuuliza mumewe unga umetoka wapi.

Mama Mbelwa hakudai zile kumi na mbili. Alisema apewe ile ya Toyota iendeshe mashine yake, na ya silinda nane irudi kwao. Ile ya Toyota ilikuwa imechoka, na tangu siku ile, umeme ukikatika, foleni ya unga sokoni ilifika mpaka kwa wauza nyanya.

Hoza akazibadilisha. Giaboksi ya asili, aliyoitoa siku alipofunga ile ya Toyota, ilikuwa bado imelala kwenye kona ya banda, akaisafisha, akairudisha. Namba iliyogongwa kwenye injini ikalingana na ya bodi. Bwana Firoz akalipa milioni sitini, hakupunguza hata nauli. Gari likatoka bandani, likanguruma kuelekea Arusha, na Bi Mwantumu akasimama kando ya barabara akilisindikiza kwa macho, anacheka na kulia kwa pamoja.

Hapo ndipo watatu wale walipokuja kudai banda.

Semkiwa alisema, "Bibi, ulitaka bei ya kweli. Mimi nilikwambia sitini, na sitini ndizo ulizoshika mkononi. Hakuna mwingine aliyezitaja."

Hoza alisema, "Bibi, huyu alilenga gizani. Siku alipotaja sitini, gari lilikuwa la nane, na ningenyamaza ungemdhulumu mtu kwa ulimi wako. Ukweli uliusikia kwangu."

Mama Mbelwa alisema, "Mwenzangu, mimi sikutaja bei yoyote. Lakini bei ya huyu ilikuwa ndoto na bei ya huyu ilikuwa msiba. Iliyolipwa, mimi ndiye niliyeifanya iwe kweli, na ningeweza kuiuza kwa siri."

Bi Mwantumu alijaribu njia zote. Aliwaza kuligawa banda, lakini unga na grisi havikai chumba kimoja, na magari ya kuuza ya Semkiwa yasingemwachia mtu pa kuweka hata chekeche. Aliwapa kila mmoja fungu la fedha kwa moyo mweupe. Wakapokea, wakashukuru, wakabaki wamekaa. Aliwaza kwenda kwa shehe, akakumbuka kwamba ahadi aliitoa yeye, tena siku ya kutoka eda, mbele ya watu waliokuja kumwombea mumewe. Akiivunja, hakuna atakayemdai. Lakini hataweza tena kusimama uani pale akasema neno watu wakaliamini.

Mwisho akawauliza jambo moja. Kila mtu aseme kama si yeye, basi nani.

Semkiwa alikuna kichwa. Akasema kama si yeye, basi Mama Mbelwa, kwa sababu katika wote watatu ni yeye tu aliyepoteza kitu.

Mama Mbelwa akasema kama si yeye, basi Hoza. Yeye mwenyewe alikuja na ukweli wakati ukweli umeshapata faida, lakini Hoza aliusema wakati kila mtu anamtazama kwa jicho baya.

Hoza alijibu mwisho. Akasema kama si yeye, basi huyu huyu Semkiwa, pamoja na kuropoka kwake. Maana siku ile ya mizani, Hoza mwenyewe na Mama Mbelwa walikuwepo uani, walilijua gari kuliko kijana huyo, na hakuna aliyefungua mdomo. Semkiwa asingesema, leo gari lingekuwa nondo.

Bi Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. Kijana aliyetaja bei bila kujua sababu yake. Fundi aliyejua sababu, na bei yake ikapita. Mwanamke ambaye hakutaja kitu. Akiyashika maneno ya ahadi yake kama yalivyotoka kinywani, yanamwelekeza kwa mmoja. Akiushika moyo uliokuwa nyuma ya maneno hayo, unamwelekeza kwa mwingine. Na wote watatu walikuwa wamemtendea wema ambao hakuwaomba.

Mwenye kiwanja alikuwa ameshapeleka watu kwa Mama Mbelwa wang'oe mabati. Mawingu ya masika yalikuwa yamekusanyika juu ya vifaa vya Hoza. Semkiwa nauli ya Arusha hajaidai mpaka leo.

Mimi nimefika hapo, wala sitawasaidia. Nyinyi mliokaa hapa hamna undugu na Semkiwa, Hoza wala Mama Mbelwa, na hamkula pilau ya siku ile. Mwamulieni mjane wa watu. Je, ni nani aliyemwambia Bi Mwantumu bei ya kweli, na banda lile alistahili nani?