Kamba ya Ghala na Kiuno cha Nakijwa

Hapo zamani, kabla ya vizazi tunavyoweza kuvitaja, kilikuwapo kijiji milimani kilichotunza mahindi yake yote katika ghala moja. Mahindi hayo hayakuhesabiwa. Aliyepimwa ni mlinzi wa ghala, kwa kuwa aliyenenepa alidhaniwa kuyala: kila mavuno, Mzee Kalage, mkuu wa kijiji, alimzungushia kiunoni kamba ya wazee. Ncha zikikutana, mlinzi alibaki na ufunguo. Zisipokutana, aliitwa mwizi, na wanawe wakalirithi jina hilo.

Mjane Nakijwa alipouomba ufunguo, kamba ilimpungukia shibiri nzima. Akajinyima miezi mitatu: tonge moja asubuhi, mboga jioni. Akapungua, ncha zikakutana, akapewa.

Hofu ilianza hapo. Aliendelea na tonge lile lile na mboga zile zile, lakini kiuno kikaanza kurudia unene wake. Alihisi baridi juani. Alichoka kabla ya kumaliza tuta moja. Kila asubuhi alijipima kwa ukambaa wa mgomba, na kila mwezi ukambaa ulizidi kumbana. Akapunguza tonge, mwili nao ukapunguza kukichoma chakula.

Senkondo, rafiki wa marehemu mumewe, alikula sahani tatu katika kila matanga, akabaki mwembamba vilevile. Naye aliutaka ufunguo. Akamtania, "Shemeji, hiyo njaa inayonenepesha, nigawie kidogo." Wote wakacheka, isipokuwa Nakijwa.

Siku ya kupimwa, Senkondo alijaribiwa kwanza, ncha zikakutana; kwa Nakijwa, kamba ilipungua vidole viwili.

Nakijwa aliapa kwamba hakuonja hata punje. Wifi yake Nanzota akasogea mbele. "Mzee, mimi ndiye ninayempakulia. Anakula nusu ya ninachokula mimi. Mwili wake uliiogopa ile njaa, sasa unaweka akiba kama ghala hili. Na huyu Senkondo akiiba, kamba itamjuaje?"

Senkondo hakukasirika. Alikiri kwamba wembamba wake hakuutolea jasho, alizaliwa nao. "Lakini kamba haimwonei mtu," akasema. "Mkiilegeza leo kwa huruma, kesho mwizi atawaambia kuwa mwili wake nao unaogopa."

Kalage akabaki ameshika ncha mbili za kamba kiunoni mwa Nakijwa. Angevuta kwa nguvu kidogo, zingekutana. Watoto wawili wa Nakijwa walikuwa wakivitazama vidole vya mzee huyo.

Nanyi mnaonisikiliza, zishikeni ncha hizo badala yake. Je, ufunguo ulimstahili nani: aliyeteseka mwaka mzima kamba ikamkataa, au aliyekubaliwa na kamba bila kuteseka hata siku moja?