Kwa Nini Taa za Barazani Kwamhuza Hazifanani

Kaeni vizuri, na mwenye kicheko akimalize sasa hivi, maana huko mbele hatakipata.

Leo mnaziona taa za barazani kwetu. Moja ni bakuli lililotobolewa, nyingine ni birika lisilo na mdomo, nyingine ni vitako vya chupa vilivyofungwa kwa waya wa baiskeli. Wageni huzipiga picha na kusema watu wa Kwamhuza wana mikono ya usanii. Waacheni waseme. Zamani hazikuwa hivyo. Zamani kila baraza ya mji huu ilikuwa na chemli ya kioo cheupe, mpya kutoka dukani, imetundikwa kushoto kwa mlango, kimo kile kile. Nyumba nazo zilikuwa za mawe ya machimbo mamoja, zimepakwa chokaa ya aina moja. Wazee walijivunia jambo hilo. Walisema mtaa ni kama meno, moja likipinda uso mzima umeharibika.

Tena walikuwa na mwiko. Mtu akifariki, vyombo vyake viliteremshwa hadi gulio la Bondeni vikauzwa kwa watu wa huko, na hakuna mtu wa Kwamhuza aliyethubutu kupanda mlima na chombo kilichotumiwa na mwingine. Chombo cha mtumba kina mwenyewe, walisema, na mwenyewe ipo siku atakifuata. Basi wakawa watu wa kuuza vya zamani na kununua vipya, na wakajiona wamekamilika.

Katika mtaa wa juu, ule unaopakana na machimbo, aliishi Bi Mwantumu na mumewe Mzee Shekiondo. Shekiondo alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za Kwamhuza zilipita mikononi mwake, na enzi zake aliweza kulitazama jiwe likiwa bado ardhini akakwambia litakaa kona ipi. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa mbali, wakabaki wawili, na uzee wao ungekuwa mzuri kama Shekiondo asingeanza kusahau.

Alianza kwa kusahau majina. Kisha akasahau kama amekula. Halafu jioni moja, ukungu umeshapanda kama kawaida yake baada ya alasiri, alitoka kunyoosha miguu, na aliporudi akaingia nyumba ya jirani, akaketi kitini, akaomba chai. Mwenye nyumba hiyo, Bi Tatu, alicheka mpaka akashika mbavu. Alimrudisha kwa mkono na kusema, "Shoga, mume wako kanipenda ukubwani." Bi Mwantumu naye akacheka, kwa kuwa ndivyo majirani wanavyofanya. Lakini usingizi ulimpaa.

Alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Aliijua njia ya mumewe. Shekiondo alizoea kutembea kwenda machimboni kila siku ya ujana wake, na miguu haisahau upesi kama kichwa. Mle machimboni kulikuwa na kuta za kushuka wima na maji ya baridi yaliyotuama chini. Mtu akikosea mlango wake kwa upande wa kulia, ataingia kwa Bi Tatu na kupewa chai. Akiukosea kwa upande wa kushoto, hakuna nyumba nyingine.

Alijaribu mengi. Alipaka mlango rangi ya samawati, lakini ukungu ukaumeza. Alitundika kanga nyekundu ukutani, ikalowa ikawa nyeusi kama usiku wenyewe. Watu walimshauri amfungie ndani. Alijaribu siku moja, akamsikia mumewe akiugonga mlango polepole kwa viganja, bila hasira, kama mgeni mwenye adabu anayesubiri kufunguliwa. Hakumfungia tena. Anayefungiwa ni mbuzi, alijisemea, na huyu ni mume wangu.

Dawa aliipata Bondeni, siku ya gulio. Alikuwa amemshika mumewe mkono, wakapita mahali wachuuzi wametandaza vyombo vya mitumba juu ya turubai: sufuria zilizobonyea, pasi za mkaa, mabirika, chupa za kila rangi. Mchuuzi mmoja aliinua bakuli kubwa la bati lenye matundu, lile la kuchujia mchele, akaligeuzageuza juani kuonyesha kwamba halijaoza. Vitone vya mwanga vikamwagika kifuani pa Shekiondo. Mzee yule, aliyekuwa hajacheka kwa muda mrefu, alicheka. Akaanza kuviokota kimoja kimoja kutoka kwenye kanzu yake na kuviweka kiganjani.

Bi Mwantumu alilinunua bakuli lile palepale. Akanunua na chupa mbili, ya kijani na ya buluu. Alivifunga ndani ya kanga na kuvipandisha mlimani kama mwizi, mwiko wa mji ukimwelemea mgongoni kuliko mzigo wenyewe.

Kazi ilikuwa ya kubahatisha, maana hakuna aliyewahi kumfundisha. Aliongeza matundu kwa msumari, bakuli likiwa limelazwa juu ya gogo lisibonyee. Chupa alizifunga uzi uliolowa mafuta ya taa, akauwasha uzi, na ulipokaribia kuzima akazitumbukiza chupa kwenye maji baridi, zikakatika kitako pwaa. Moja ilimchana kidole. Vitako viwili akavifunga kwa waya chini ya bakuli, akatia kibatari katikati, akaliinamisha bakuli juu yake kama kofia, akatundika yote kwenye ndoano ya chemli. Jioni ikaingia. Ukuta, sakafu ya baraza, hata njia mbele ya nyumba vikajaa vitone vya mwanga, na katikati yake duara moja la kijani na moja la buluu.

Shekiondo alitoka kutembea jioni ile, mkewe akimfuata kwa mbali, moyo mkononi. Alienda, akageuka, akarudi ndani ya ukungu akiburuta viatu. Alipovifikia vile vitone alisimama. Akavua viatu, akavipanga ukingoni mwa baraza kama alivyofanya maisha yake yote, akaingia. Mkewe aliketi njiani pale pale akalia. Mumewe alikuwa amelisahau jina lake, lakini nyumba yake aliijua.

Ikawa hivyo msimu mzima. Majirani hawakuipenda taa ile. Wapo waliovuka upande wa pili wa njia ili vitone visiwaguse. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walinung'unika, wakaenda zao kulala.

Kisha Bi Tatu akawa anamwoza bintiye. Wakwe walikuwa wakitoka mbali, watu wenye nafasi zao, na wangepita njia ile ile kwa maandamano. Alasiri moja Bi Tatu alikuja barazani kwa Bi Mwantumu akiwa na Mzee Kiluwa, mkubwa wa mtaa. Walikaribishwa, wakapewa kahawa, wakanywa. Hapo jueni kwamba kwetu mkubwa akinywa kahawa yako kisha akakuomba jambo, humkatalii. Kumkatalia ni kumwambia aiteme.

"Mwanangu," alisema Mzee Kiluwa, "hatukuja kwa ubaya. Hii taa yako tumeistahimili. Lakini kesho tuna wageni. Wataona chombo cha marehemu wa watu kinaning'inia karibu na nyumba ya harusi, watasema tumewakaribisha kwa mkosi."

"Baba, hii ndiyo inayomrudisha mzee wangu."

"Tunajua. Tunakuomba jioni moja tu. Tundika chemli kama wenzako. Keshokutwa uirudishe, na mimi mwenyewe nitakushikia ngazi."

Bi Tatu alikuwa ameshika kikombe kitupu, akimtazama shoga yake kwa macho ya mama mwenye binti mmoja. Bi Mwantumu aliyaona macho yale. Angesema hapana! Mimi kila nikifika hapa natamani aseme hapana, na kila mara anasema lile lile.

"Haya, baba. Jioni moja."

Siku ya harusi aliishusha taa akaifunika kwa ungo, akasugua kioo cha chemli, akaitundika. Mtaa ukanyooka. Chemli zote sawa, zimepangana, na wazee wakapita wakitabasamu kwa kuridhika. Yeye alikusudia kukaa na mumewe siku nzima asitoke. Lakini harusi ni ya jirani, na jirani asiyeonekana kwenye masufuria ya pilau ni adui. Waliitana, wakamwita, wakatuma mtu wa pili. Shekiondo alikuwa amejilaza kitandani, anakoroma. Akasema nakwenda kukoroga mara moja, nitarudi kabla ya ukungu.

Ukungu siku hiyo uliwahi.

Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nje hakuweza kuona hata mkono wake. Ngoma ya harusi ilikuwa inalia kila upande; alimwita mumewe, sauti haikufika popote. Alikimbia hadi kwa Bi Tatu, akakimbia hadi chini ya mtaa, akamuuliza kila aliyekutana naye. Ndipo kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, mgeni asiyemjua mtu pale, akasema ndiyo, alimwona mzee mmoja ameduwaa njiani, akamuuliza nyumba yake ni ipi. Mzee alisema ile yenye taa.

"Nikamwambia, basi ile pale, mzee wangu, si unaiona taa?" alisema kijana. "Akanishukuru, akaenda. Lakini alisimama mbele ya baraza ile, akaitazama, akatikisa kichwa. Akaenda ya pili, akatikisa kichwa. Nilidhani anatania."

Ndivyo Shekiondo alivyoumaliza mtaa, baraza kwa baraza, mpaka akafika kwake mwenyewe, akaitazama chemli nyeupe safi iliyosuguliwa na mke wake, akatikisa kichwa na kupita. Upande ule hapakuwa na nyumba nyingine.

Ngoma zilinyamazishwa. Wanaume walitoka na mienge, na bwana harusi miongoni mwao akiwa bado na kilemba. Walimpata alfajiri, chini machimboni, kando ya maji, amekaa ameegemea jiwe. Hakuwa ameanguka. Alikuwa ameshuka kwa njia ya waashi anayoijua, na baridi ndiyo iliyomuua. Pale chini, katika unyevu ule, vimulimuli walikuwa wametapakaa kwenye majani na juu ya maji, mamia kwa mamia, wakiwaka na kuzima. Na viatu vyake vilikuwa vimevuliwa, vimepangwa pamoja vizuri ukingoni mwa jiwe.

Bi Mwantumu alipoletewa habari ya viatu hakuuliza zaidi. Alielewa kwamba mumewe alikufa akidhani amefika nyumbani, na hakujua kama hilo ni la kumshukuru Mungu au la kumvunja.

Mzee Kiluwa alikuja matangani akapiga magoti mbele ya mkeka wake, mzee mzima na mvi zake. Bi Mwantumu alimwinua. "Wewe uliomba," alimwambia. "Mimi ndiye niliyekubali. Nyanyuka, baba, watu wanatazama." Hakulia mbele yao. Wanawake waliolala matanga wanasema alikuwa akiamka, anakwenda kusimama mbele ya ile chemli, anaitikisia kichwa, kisha anarudi kulala.

Wa kwanza kuvunja mwiko alikuwa Bi Tatu. Siku ya gulio aliteremka Bondeni peke yake na kununua birika linalovuja la mtu asiyemjua. Alirudi amelibeba mkononi, wazi, katikati ya njia, kila mtu aone. Alilitoboa kwa msumari, vibaya, kwa hasira, machozi yakimdondokea mikononi, akashusha chemli yake akalitundika. Kesho yake Mzee Kiluwa akatundika kichujio cha chai na sinia lililopasuka. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hakuna aliyetoa amri. Waliteremka mmoja mmoja, kimya kimya kama watu wanaokwenda kuzika, wakapanda na mikebe, mafuniko, vikombe vya bati na vioo vya magari, na kila mmoja alichungulia kwanza kwa jirani yake ili asije akafananisha.

Msimu haujaisha, mtaa mzima ulikuwa umepinda kama meno yaliyoota ovyo. Hapakuwa na baraza iliyofanana na nyingine. Mtu aliyesahau hata jina lake angeweza kurudi kwake katika ukungu mzito kuliko wote, kwa kufuata umbo la mwanga tu. Bi Mwantumu alikuwa akikaa barazani jioni akizitazama zinavyowashwa, moja hapa, moja pale. Zilikuwa nzuri. Na yule aliyekuwa akizihitaji hayupo.

Taa yake aliitoa chini ya ungo akaitundika tena mahali pake. Lakini hakuiwasha. Watu walipomletea mafuta aliyapokea, akashukuru, akayamimina katika taa za wengine. Walipomuuliza sababu alisema, "Ikiwaka, nitamsubiri." Akaishi hivyo hadi alipofariki, na taa ile ikazikwa naye, chombo cha kwanza cha marehemu wa mji huu ambacho hakikuuzwa Bondeni.

Na tangu siku hiyo, Kwamhuza hatununui taa ya baraza dukani. Bibi harusi huteremka Bondeni na shangazi zake, akachagua chombo kilichokwisha kumchosha mtu mwingine, akakitoboa kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo, uombe kwa jirani moto, uombe chumvi, uombe hata mtoto wa kulea, lakini ukimwomba ashushe taa yake, kwa ubaya wake wowote ule, atamwaga kahawa yako chini mbele yako na wewe utaondoka bila kuaga. Na tangu siku hiyo, nyumba iliyofiwa huiacha taa yake ining'inie giza. Basi nyinyi mnaopita jioni mkaona mwanga wa kila namna, halafu mkafika kwenye baraza moja ambayo taa ipo na haikuwashwa, msibishe hodi kuuliza kama mafuta yamewaishia. Pale ndani kuna mtu asiyetaka kusubiri.