Tuta la Katikati

Sogezeni miguu wengine wapate nafasi, na aliye karibu na mlango aufunge. Hadithi hii ni ya baridi, na mwisho wake nitawaachia ninyi.

Huko Makete juu, mahali ambapo mwezi wa saba maji hugandia kwenye ndoo, walikuwepo wanawake watatu waliolima nyanya ndani ya kitalu nyumba, banda la nailoni lililosimama kwa nguzo za msonobari. Banda lilikuwa la kikundi cha kijiji. Matuta yaligawanywa kwa kura: Enesi alipata la mlangoni, Yudita la ukutani, Tamali la katikati.

Enesi aliijua baridi kabla haijafika. Alisimama tu nje, akavuta pumzi, akakwambia kesho uvae nini. Yudita aliujua moto. Jiko lake la maranda, yale machicha ya mbao, liliwaka taratibu bila kujaza moshi, na hakuna aliyeweza kulishindilia kama yeye. Tamali aliijua sindano. Mpe magunia mabovu asubuhi, jioni akupe turubai.

Sheria ya kikundi ilikuwa moja, na haikuwa na huruma. Mwisho wa msimu kila mwenye tuta alipeleka matenga manne ya nyanya. Asiyefikisha alitoka, kwa kuwa waliosubiri nafasi walikuwa wengi. Na mwanamke aliyetoka, kama hana shamba, alirudi msituni kubeba mbao kichwani kwenda barabarani. Hao watatu hawakuwa na shamba. Tamali alikuwa amezibeba mbao hizo akiwa na mimba ya Lusungu, na shingo yake haikupata kunyooka vizuri tena.

Jioni moja walikuwa wakifunga banda. Enesi alisimama mlangoni akitazama juu.

"Upepo umekufa," alisema. "Mawingu yote yameondoka. Leo jalidi inashuka, majani yataganda."

"Wewe kila siku inashuka," Yudita akasema. "Hata juzi ilishuka, tukaamka jasho linatutoka."

"Cheka, mama. Kesho utacheka na majani meusi."

Tamali hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuhesabu magunia.

Wakakusanya walivyokuwa navyo: magunia machache ya maranda, magunia matupu, blanketi moja kuukuu. Havikutosha matuta matatu. Walijaribu kupanga hivi, wakapanga vile, havikutosha.

"Tuokoe moja," Enesi akasema. "La katikati. Liko mbali na nailoni, ndilo litakaloshika joto. Tukitawanya, tunakosa yote."

Hakuna aliyetaja kwamba tuta hilo lina mwenyewe. Tamali alijua ni lake. Akaingiza uzi kwenye sindano.

Giza lilipoingia, Enesi alipapasa chini ya ukuta akakuta nailoni imeoza, baridi inapenya kama maji. Majani ya nje yalikuwa yameloa umande, hayakufaa. Akaenda kwenye tuta lake mwenyewe, akang'oa mnyanya mmoja baada ya mwingine, akaishindilia kwenye ule mwanya mpaka ukaziba. Mingine ilikuwa imeshaweka matunda. 

Yudita aliwasha jiko, akalikalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Maranda yakaisha kabla ya alfajiri, saa ambayo baridi ndiyo kwanza inauma. Akaenda kwenye tuta lake, akachomoa miti iliyosimamisha nyanya zake, akaikata, akailisha motoni. Nyanya zake zikalala chini kwenye udongo wa baridi, na hapo ndipo zilipofia.

Tamali alishona magunia, yakaishia nusu ya tuta. Akakimbia nyumbani. Wanawe walikuwa wamelala na mama mkwe wake. Akawavua blanketi mbili, akawafunika khanga zake, akarudi akiziunga blanketi zile huku anatembea. Tuta likafunikika lote.

Kulipopambazuka, bonde lote lilikuwa jeupe, na jua lilipopanda majani yote yakawa meusi. Tuta la mlangoni halikuwa na kitu. La ukutani lilikuwa kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. La katikati lilikuwa kijani. Kama ule mwanya ungebaki wazi, au moto ungezimika mapema, au nusu ya tuta ingekosa blanketi, lingekufa nalo. Hilo wote watatu walilikubali.

Siku hiyo hiyo Lusungu alianza kukohoa. Kufika jioni mbavu zake zilikuwa zikizama kila akivuta pumzi. Vichomi, walisema zahanati, wakamlaza.

"Nyanya zako zimelala na blanketi," mama mkwe alimwambia Tamali, "mjukuu wangu amelala na khanga. Haya, nenda ukazichume."

 Mtoto aliruhusiwa baadaye, lakini kifua chake kilibaki kikipiga filimbi, na akipanda kilima kidogo tu anakaa chini.

Nyanya zilipoanza kuiva, kikundi kiliitana.

"Bila mimi mngekuwa mmelala," Enesi akasema. "Na mimi ndiye niliyelichagua hilo tuta. Nilikuwa na macho, niliona langu liko wapi, bado nikataja lake."

"Kuona baridi hakuleti joto," Yudita akasema. "Nilichoma miti yangu, nyanya zimesimama juu yake. Mnajua ule mlio wa shina bichi la mnyanya likivunjika? Mimi naujua."

"Tuta ni langu kwa kura," Tamali akasema polepole. "Na mwanangu ndiye huyu mgongoni."

"Mtoto hatukukutuma umvue," Enesi akasema, kisha akainama, kwa sababu alikuwa amemsikia Lusungu akipumua.

"Wagawane!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wagawane nini?" mwenyekiti wa kikundi akauliza. "Tuta lile litatoa matenga manne, likijitahidi sana. Wakigawana, hakuna anayefikisha, wanatoka wote. Nileteeni jina moja la kuandikiwa matenga hayo."

Walirudi nyumbani kwa njia moja. Tamali alitembea nyuma yao akihesabu aliyoyatoa kila mmoja, na kila alipofika kwa mwanawe alipoteza hesabu. Aliitaka nafasi ile. Aliona haya kuitaka. Bado aliitaka.

Mmoja wao ataingia bandani na mbegu mpya. Wawili wataweka ngata kichwani na kuifuata njia ya msituni. Haya, ninyi mliokaa hapa: mngepeleka jina la nani kwa mwenyekiti, na hao wawili mngewatazama usoni mkiwaambia nini?